Saini ya Saa Kumi

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko uliko, na zikikukuta na homa zikuponye. Sisi hapa wazima. Watoto wazima, mama mkwe mzima isipokuwa goti, na goti lake unalijua, lina maoni kuhusu kila kitu. Mimi nakula, nalala, nashona sare za shule. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakudanganya.

Nimekupigia simu mara nne wiki hii. Mara mbili imeita mpaka ikachoka, mara mbili imekatwa. Naandika basi, kwa kuwa barua haina kitufe cha kukatia. Na wakili ameniambia kwamba kuanzia sasa, kila jambo linalohusu kifo cha shemeji yako Fundi liwe kwenye karatasi.

Ndiyo, nina wakili, usishtuke. Ilikuwa hivi. Wiki ya tatu baada ya kumzika Fundi, ofisa wa kampuni yenu ya kufulia alikuja nyumbani na bahasha na karatasi. Bahasha aliiita mkono wa pole. Karatasi aliiita utaratibu tu. Nikaisoma, maana mimi hata risiti ya vifungo naisoma. Mstari wa saba ulisema familia imepokea na haitadai kitu kingine chochote, popote, milele. Nikamuuliza milele ni mpaka lini. Akacheka peke yake, nikamrudishia vyote viwili.

Wakili ni mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vioo. Anasema mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, familia ina haki ya kudai, lakini hatukurupuki kila mtu na dai lake. Lazima kwanza mmoja apewe na korti usimamizi wa mirathi, ndipo adai kwa niaba ya wote: mimi, watoto wawili na mama mkwe. Na lazima tufungue kesi kabla ya mwaka kutimia tangu siku ya kifo. Mwezi mmoja na nusu umeshakwenda.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pazito. Kampuni inasema Fundi alikuwa ameshatoka kazini. Daftari la mahudhurio linaonyesha alisaini kutoka saa kumi kamili jioni. Mashine ya kukaushia ilimuua saa kumi na dakika arobaini. Wanasema alirudi ndani mwenyewe kwa shughuli zake mwenyewe. Shughuli zipi, hawasemi, ila wanadokeza kwamba kuna mashuka mapya yalikuwa yakipotea. Unaelewa maana yake. Kama alikuwa kazini, wapwa zako wana haki ya baba aliyefia kazini. Kama alikuwa ametoka, hawana kitu, na baba yao ni mwizi.

Wewe ulikuwa kwenye zamu ile. Meza yako ya kukunja taulo iko hatua ishirini kutoka pale. Niandikie ulichokiona, hata kama ni kidogo.

Dada yako

*

19 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia wote wazima. Msalimie mama mkwe wako na goti lake. Wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka.

Mimi sijambo. Simu huku ndani ya kiwanda haishiki vizuri, usidhani nakukwepa. Hili tawi ni jipya, sakafu ya vigae vyeupe, mashine zina vioo mlangoni unaona nguo zinavyozunguka. Wamenipa uongozi wa zamu. Nina meza yangu na kiti cha ofisini chenye magurudumu, siku ya kwanza nilikikalia kikanipeleka mpaka ukutani, wakacheka sana. Mji ni mkubwa lakini watu wake si wabaya. Chumba nimepata karibu, jirani ana redio ila anazima mapema.

Kuhusu ile siku, dada, mimi niliondoka saa kumi. Nilikuwa kituoni nasubiri gari niliposikia kelele. Sikuona kitu cha kukusaidia. Ningekuwa nimeona ningesema.

Naomba nikupe ushauri, usikasirike. Kampuni ina mawakili watatu, wewe una mmoja juu ya duka la vioo. Kesi zinachukua miaka, na kila siku utakuwa unasikia habari za mashine ile upya. Labda ile karatasi ungeisaini tu upumzike. Fundi harudi.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa kiti chako, sana tu. Hapa tumeamka salama.

Ushauri wako nimeusoma mara mbili, nikauweka chini nikapiga pasi sketi kumi na mbili, nikausoma tena. Angeniambia hayo mtu wa mbali ningemwelewa. Wewe ndiye uliyemwingiza Fundi kiwandani pale. Wewe ulibeba jeneza upande wa kichwa. Halafu leo Fundi harudi, kama kwamba mimi nilikuwa namsubiri kituoni.

Mambo yanakwenda. Usimamizi wa mirathi nimepewa. Ilibidi tupeleke cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na barua ya kikao cha familia. Cheti cha ndoa nilikuta kimeliwa pembe moja na panya, karani wa korti akakigeuza geuza akasema namba inasomeka. Nilikuwa nimeshika roho mkononi. Wenzangu wangapi wameishi na mtu miaka ishirini wakafika pale wakaambiwa wathibitishe kwamba ni wake zake?

Ofisa wa kampuni hakukata tamaa. Amesikia mimi sisaini, akamfuata mama mkwe nikiwa sokoni kununua uzi. Alimwambia kwamba mama mzazi naye ni familia, dole gumba lake linatosha. Mama mkwe akamkaribisha chai. Akafunga ngumi ya kulia tangu mgeni alipoketi mpaka alipoondoka, chai akanywa kwa mkono wa kushoto, kidau cha wino kikakauka mezani. Wakili aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kweli, hata angebonyeza isingetufunga sisi wengine, lakini ingetupotezea muda.

Kesi tumeshafungua, na wakili ameomba kampuni nakala za daftari la mahudhurio na maelezo ya mashahidi wao. Wanalazimika kutupa. Kabla hazijafika nakuuliza tena, taratibu: ulipotoka saa kumi, Fundi alikuwa mbele yako, nyuma yako, au ndani?

Dada yako

*

20 Mei

Kwako,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Barua yangu ya mwezi wa nne hukuijibu, na sasa najua sababu. Nakala zimefika. Wakili alizipanga mezani, akaniambia nisome polepole. Ya kwanza ni maelezo ya shahidi, yamepigwa chapa, yana sentensi nne. Shahidi anasema alimwona marehemu akitoka getini saa kumi jioni, na kwamba saini kwenye daftari ni ya marehemu mwenyewe. Chini kuna majina yako yote matatu, na saini yako.

Ya pili ni ukurasa wa daftari. Niliutazama sana. Fundi hakuwahi kuandika jina lake likasomeka. Alikuwa akikwaruza kama anayejaribu kalamu kama ina wino, na kwa ajili hiyo benki walishawahi kumrudisha mara mbili. Pale kwenye daftari jina lake limeandikwa vizuri, herufi zimekaa juu ya mstari. Mama alipokufa ni mimi niliyekuketisha kwenye kigoda na rula nikakufundisha kuandika. Mkono ule naujua kama ninavyoujua mshono wangu.

Sikumwambia wakili. Nilisema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Sitaki salamu wala habari za kiti. Nataka jibu moja. Ulisaini wewe?

Mjane wa Fundi

*

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilisaini mimi.

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii, kwa hiyo nitaandika tu bila kupanga, na ukifika mwisho utafanya unavyoona.

Pale kiwandani mlinzi wa geti hulichukua daftari saa kumi juu ya alama na kulipeleka ofisini. Anayebaki baada ya hapo lazima ajaze fomu ya saa za ziada, isainiwe na msimamizi wa zamu, yule tunayemwita Miwani. Miwani alikuwa akigombezwa na wakubwa fomu zikiwa nyingi. Akatuambia, malizaneni wenyewe huko, mimi nataka daftari safi. Basi tukawa tunafungiana. Anayewahi getini anawasainia wanaobaki ndani kumalizia kazi. Kila mtu alifanya, na Miwani alisaini chini ya kila ukurasa kila siku huku akijua. Shemeji ndiye aliyefungiwa kuliko wote, maana mashine zina tabia ya kuharibika zamu ikiisha. Nilimfungia mimi, karibu miezi kumi. Hatukuona kama ni kosa. Tuliona ni kusaidiana.

Siku ile Miwani alimwomba abaki. Mashine namba tatu ilikuwa imemeza mashuka mawili yakajizungusha kwenye ekseli. Nikiwa naondoka nilimwona ameshaingiza kichwa na mabega ndani. Nilimpigia mluzi, akatoa mkono nje akanipungia bila kugeuka. Nikaenda getini, nikaandika jina langu, nikaandika na lake.

Zamu ya jioni ilipoingia, Miwani aliangalia daftari. Akaona wote tumetoka. Akamwambia mama wa zamu ile awashe mashine zipate moto. Nadhani alifikiri shemeji ameshamaliza; angetembea hatua thelathini angeona miguu yake. Lakini daftari lilikuwa safi.

Kuna kingine. Swichi ya kila mashine inatakiwa kufungwa kwa kufuli jekundu fundi akiwa ndani, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Kufuli lilikuwa moja tu, na tangu Novemba lilikuwa kwenye mlango wa stoo ya sabuni, kwa sababu madumu mawili yaliibwa. Shemeji alilidai mara mbili mbele yangu. Miwani alimwambia sabuni ina thamani na yeye ana macho.

Sasa yale maelezo. Siku ya tatu baada ya mazishi waliniita ofisini, Miwani na wakili wao. Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa. Waliniuliza saini ile ni ya nani. Nikaona nikisema si yake watauliza basi ya nani, na nikisema yangu, itakuwa nimemuua mimi. Nikasema yake. Hawakunitisha, dada. Walinipa soda. Wiki mbili baadaye wakanipa kiti.

Sijalala vizuri tangu hapo, lakini najua hilo halikusaidii. Nimemuua shemeji yangu kwa kalamu, kisha nikamwita mwizi. Barua hii ukitaka ichome, ukitaka mpe wakili.

Mdogo wako, kama bado

*

30 Juni

Kwako,

Barua yako imefika tarehe kumi na tano. Nimeisoma mara moja, na mara moja ilitosha. Kisha nikaiweka kwenye droo ya vifungo siku tisa.

Nitakuambia ukweli kuhusu hizo siku tisa. Nilikuchukia. Si kwa saini, kwa sababu saini naelewa, mtu anaandika jina la mwenzake ili mwenzake amalize kazi aende nyumbani. Nilikuchukia kwa ile soda. Nilikuwa namfikiria mwanangu mkubwa aliyeambiwa shuleni kwamba baba yake alirudi kuiba mashuka, akapigana, akarudishwa nyumbani na shati limechanika, na wewe wakati huo unazunguka kwenye kiti. Siku ya kumi nilimpa wakili.

Haya ni maneno yake, nayaandika kama alivyosema. Barua peke yake haitoshi. Lazima uape mbele ya ofisa wa viapo, ukane yale maelezo ya kwanza, kisha uje kortini uulizwe maswali na upande wao. Watakuuliza kwa ukali. Watasema kampuni haikumuua Fundi, aliyemuua ni wewe uliyeandika uongo kwenye daftari, na wanaweza kuiomba korti ikuunganishe kwenye kesi uwe mdaiwa pamoja nao. Yale maelezo ya kwanza nayo yanaweza kukuletea mashtaka, ingawa anayejirekebisha kabla ya kesi kusikilizwa hutazamwa tofauti na anayekamatwa. Kazi utapoteza, hilo halihitaji wakili kuliona.

Anasema pia kwamba yeye hawezi kukushauri. Yeye ni wakili wangu, na kinachonifaa mimi huenda kisikufae wewe. Utafute wako.

Nilimuuliza, asipokuja je? Akasema tutabaki na kufuli, kama tutapata wa kulisema, na tutabaki na daftari linalosema mume wangu alikuwa ameshatoka. Kesi za namna hiyo huwa zinakufa zenyewe. Nikamuuliza, akija je? Akasema daftari litageuka. Kurasa za miezi kumi, mkono mmoja ukiandika majina mawili, na msimamizi amesaini chini ya kila moja. Hawawezi tena kusema hawakujua.

Sikuiti. Nakuarifu tu. Nyumbani usije.

Mjane wa Fundi

*

22 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na mwanao mkubwa amerudi shule.

Nimeapa. Nilipata wakili wa msaada wa bure, kijana anayekula karanga wakati unamweleza matatizo yako, lakini anasikiliza. Alinionya yote uliyoyaandika na mengine mawili. Nikamwambia aandike. Hati ya kiapo wakili wako ataipata wiki hii.

Kazini niliwaambia mwenyewe kabla hawajasikia. Kiti nimekiacha. Sasa nafua kwenye nyumba ya wageni nyuma ya stendi, mashuka nane kwa siku, kwa mkono. Mikono imechubuka lakini hakuna daftari.

Naogopa, sitakuficha. Siogopi maswali yao sana. Naogopa utakaa mbele yangu ukisikia jinsi alivyopunga mkono.

Nikikuona kortini nikuamkie, au nipite?

Mdogo wako

*

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwaka umepinduka na ile barua ya Agosti hukuijibu, kwa hiyo siku ile kortini nilipita. Nimesikia kutoka kwa wakili wangu kwamba mama mkwe wako alikaa benchi la mbele siku mbili zote na goti lake. Nilimwona. Wewe niliogopa kukutazama.

Sikubaki kusikia ushahidi wako. Nilipomaliza kuulizwa niliruhusiwa kuondoka, nikatoka nje nikatapika kwenye mtaro, nikapanda gari. Yule wakili wao aliponiuliza mara ya tatu, kwa hiyo bila saini yako marehemu angekuwa hai, niliona hata jaji ameacha kuandika. Nilisema ndiyo. Wakili wangu alikuwa amenifundisha jibu refu. Lilinipotea.

Kama jibu hilo limekuharibia kesi, nisamehe. Kama halikuharibu, bado nisamehe kwa yale mengine. Neno hilo nimeliandika sasa, nilikuwa nalizunguka tangu Juni ile.

Mdogo wako

*

3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, zote ulizoandika na nisijibu. Hapa tu wazima. Wa mwisho ameota jino la mbele lililokuwa limegoma. Mama mkwe anasema goti lilimwambia hukumu itasomwa wiki ile, na safari hii lilisema kweli.

Hukumu ilisomwa Jumanne iliyopita. Jaji alisoma saa nzima kwa sauti ya mtu anayesoma bei, ikabidi wakili anitafsirie kwenye kijitabu. Fundi alikuwa kazini. Hilo ndilo la kwanza, na amelisema kwa maneno hayo hayo, kwamba hakukuwa na ushahidi wowote wa wizi na kwamba jambo hilo halikupaswa kudokezwa. Nilimwomba wakili nakala ya ukurasa huo peke yake. Mwanangu ameupeleka shuleni.

La pili, uzembe ni wa kampuni. Ilijua watu wanafungiana daftari, ilipata faida kwa hilo, kisha ikalitegemea daftari hilo hilo kuwashia mashine. Na kufuli la kuokoa mtu lilikuwa linalinda sabuni. Waliomba uunganishwe ulipe wewe, jaji akakataa. Alisema ulifanya kilichokuwa desturi ya mahali pale chini ya macho ya msimamizi, na mwajiri hawezi kuijenga desturi kisha akamtupia mfanyakazi. Yale maelezo ya kwanza ameyakemea vikali, jina lako likisomwa lote. Lakini amesema uliyakana mwenyewe kabla ya kusikilizwa, na hakuagiza ushtakiwe. Lile jibu lako fupi amelinukuu. Amesema shahidi aliyejibu hivyo dhidi ya nafsi yake anamwamini na kwa mengine.

La tatu hukulisikia, maana ulikuwa unatapika. Baada yako niliitwa mimi. Wakili wao alikuwa mpole kwangu, mama pole, mama maji. Kisha akaniuliza kama mume wangu aliwahi kunieleza nyumbani kwamba watu wanamsainia kutoka huku yeye yuko ndani. Wakili wangu aliinamia karatasi zake. Nilijua kwamba nikisema hapana hakuna duniani wa kunibishia, kwa sababu aliyeyasikia mazungumzo yale pamoja nami amezikwa.

Alinieleza. Alinieleza tukiwa tunakula, kwamba shemeji yake anaandika jina lake vizuri kuliko yeye na siku moja atamtuma benki akasaini kwa niaba yake. Tulicheka. Nami nilicheka, nikamwongezea chakula. Sikumwambia acha, hiyo ni hatari.

Nilisema ndiyo, nilijua, na yeye alijua. Kwa ajili hiyo jaji amekata robo ya fidia. Amesema marehemu naye aliingia kwenye mashine akijua daftari linasema hayumo. Siku ile ya ushahidi wakili alinikasirikia ngazini, akasema hilo ningeweza kulinyamazia. Nikamwambia mdogo wangu ametoka hapo sasa hivi amejivua nguo mbele ya watu, mimi nikavae vazi gani? Hakunielewa, au alinielewa akaona haina faida.

Sasa la leo. Sehemu ya watoto haitakuja mikononi mwangu, itawekwa amana mpaka wakue. Korti inataka wasimamizi wawili, mama na mtu wa pili, ambaye nikifa mimi kesho ndiye atakayejibu kwa ajili yao. Karani alinipa fomu nikakaa nayo siku mbili. Kaka zake Fundi wapo watatu, wote watu wazuri, wawili wameshaniuliza. Nikamwomba mama mkwe ushauri. Akaniambia niandike jina lako. Akasema, huyo nimemwona akiulizwa, wengine wote sijawahi kuwaona wakiulizwa.

Uliniomba msamaha. Sijui, mdogo wangu. Kuna asubuhi naamka hasira haipo, nikiwasha cherehani imesharudi, nadhani tutakuwa nayo muda mrefu. Ila fomu haikuuliza hilo. Iliuliza ni nani ambaye, mimi nisipokuwepo, hatawadhulumu hawa wawili hata kama hakuna anayemwona. Nilishika kalamu na jina likatoka lenyewe, nikalikasirikia nalo, nikaliacha.

Uje Jumatatu tarehe kumi, saa tatu asubuhi, jengo la korti, mlango wa nyuma, chumba cha masijala. Uje na kitambulisho na picha mbili ndogo. Ukimaliza utakuja nyumbani kula, wapwa zako wameshaambiwa.

Dada yako